Unga Katika Maji ya Mama Mchungaji

Mtu akiingia kwenye kemisti yangu na kuangalia nyuma mara mbili kabla ya kusema anachotaka, mimi hujua ni jambo moja kati ya matatu. Ama ni mambo ya chumbani, ama ni minyoo, ama ni mtu wa kanisa lisilotaka dawa. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya kaunta hii hapa Kondele, na sura za watu nimezisoma zote. Kwa hivyo siku ile Metrine alipoingia amejifunga leso mpaka puani, akaangalia barabarani, akaangalia tena, nilimwambia tu avue hiyo leso, harufu ya samaki ilikuwa imeshamtangaza.

Alicheka kidogo, akavua. Nilimjua kitambo. Sisi sote wawili ni watu wa upande wa Bungoma, na mtu wa kwenu ukimpata mjini huwezi kumpita. Majina hapa nimeyabadilisha, na usijisumbue kwenda Obunga kuuliza, wakaanga samaki huko ni wengi. Yeye anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwanda kikishachukua minofu. Kichwa, uti wa mgongo na vinyama vilivyoshikilia hapo, ukivitumbukiza kwenye mafuta moto, hicho ndicho kitoweo cha wengi wetu. Tangu aolewe na kuletwa Kisumu, Metrine yuko mbele ya karai kuanzia asubuhi mpaka jioni, moto mbele, jua kichwani, jasho likimtiririka mpaka kwenye patipati za miguuni.

Mumewe, Mathews Wakhisi, ni fundi wa mawe, anajenga majengo ya watu kule Mamboleo. Jumapili anavaa kanzu nyeupe na kuwa mchungaji wa kanisa dogo la mabati. Jina la kanisa silitaji. Mimi ni Mkatoliki, sitaki vita na mtu. Ila ujue hili: kwao dawa ni mwiko. Hospitali hapana, kemisti hapana, hata mizizi na majani ya kuchemsha hapana. Kila Jumapili kila nyumba inapeleka chupa ya maji, zinapangwa mbele, mchungaji anaziombea, kila mtu anarudi na chupa yake na kunywa wiki nzima. Hiyo ndiyo dawa yao.

Na usidhani Wakhisi ni tapeli. Natamani angekuwa tapeli, ingekuwa rahisi kumkasirikia. Akiwa mtoto alishikwa na homa ikampanda kichwani, wakamrudisha nyumbani afie kwao, mama yake akampigia magoti siku tatu bila kula, mtoto akaamka akaomba viazi. Wewe mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu maombi?

Sasa shida ya Metrine ilikuwa miguu. Kila alfajiri shavu la mguu lilikuwa linajikunja lenyewe na kuwa gumu kama jiwe, anauma leso ili asiwaamshe majirani. Na kila alfajiri Wakhisi alikuwa anaamka, anaweka mikono yake ya saruji juu ya ule mguu, anaomba. Anaomba mpaka analia. Na mguu haumsikii.

"Emmaculate," aliniambia, "maumivu naweza kuyavumilia. Siwezi kuvumilia kumwona akishindwa."

Nilimwambia aende kliniki apimwe. Akatikisa kichwa, kliniki angeonekana. Nikamuuliza maswali yote yanayopaswa kuulizwa, kama ana shida ya figo, kama mkojo unatoka vizuri, kama kuna dawa nyingine anatumia. Hakuna. Nikamweleza kwamba mtu anayetoa jasho namna ile anapoteza chumvi nyingi za mwili, na kwamba kuna kitu kinaitwa magnesiamu ambacho wengine huwasaidia na wengine hakiwasaidii, mimi siahidi mtu. Kisha nikaweka makopo mawili kwenye kaunta, moja la kapsuli, moja la unga.

Ya kapsuli haina ladha, kipimo chake kimepimwa tayari, unameza na maji basi. Ya unga unakoroga kwenye maji, ina ukali kama wa ndimu, na ukizidisha tumbo litakukimbiza. Mimi ningechagua kapsuli. Metrine alilichukua kopo la kapsuli, akalitikisa. Likalia chaka-chaka-chaka. Akaliweka chini.

Nyumba yao ni chumba kimoja na pazia katikati. Aliniambia kopo kama lile lingelia wakati anapiga deki, na hata asingelitikisa, mtu anayemeza kidonge hujulikana. Huinua kidevu juu kama kuku anayekunywa maji. Ila unga, nani atauliza unga mweupe jikoni kwa mwanamke? Akatoa kwenye kikapu kopo tupu la hamira, akaniomba nimhamishie humo.

Nami nikahamisha. Nakwambia bila kujificha, hapo ndipo nilipokosea. Dawa haitolewi kwenye kopo lake lenye maandishi ikatiwa kwenye kopo la hamira. Hilo tulifundishwa wiki ya kwanza kabisa chuoni. Lakini tulikuwa tunacheka, tunasema mambo ya nyumbani, na mkono wangu ukafanya.

Basi, Metrine akawa anatia kijiko kimoja kwenye chupa yake ya maji yaliyoombewa, ile anayobeba kwenda nayo kazini. Alichagua chupa hiyo kwa sababu hakuna mtu anayegusa chupa ya mama mchungaji. Wiki ya pili mguu ukatulia. Wiki ya tatu alikuwa analala mpaka jogoo awike. Alikuja kunishukuru, akaniletea kichwa cha mbuta kimefungwa kwenye gazeti. Mimi nikajiona daktari kamili.

Halafu mchana mmoja Wakhisi akapita pale Obunga akitoka kufuata kokoto. Jua kali, koo limekauka, akaona chupa ya mkewe, akainua akanywa. Akasimama. Akanywa tena, taratibu. Akamuuliza mkewe nani ametia kitu ndani ya maji yale.

Metrine akasema hakuna. Neno moja tu, "Hakuna," na mwiko mkononi. Akamuuliza, na mguu? Akasema umepona. Yule mwanamume akaweka chupa chini polepole, akapiga magoti palepale kwenye magamba ya samaki, mbele ya wateja, akainua mikono.

"Ningemwambia nini pale?" Metrine aliniuliza siku iliyofuata, macho mekundu. "Miaka yote ameomba nikimwona akishindwa. Halafu siku anaposhinda, mimi nimwambie hukushinda?"

Nikamwambia amwambie jioni, wakiwa wawili. Akasema ndiyo. Jioni haikuja. Jumapili iliyofuata akaitwa mbele atoe ushuhuda, na mtu wa kanisa lile akiitwa kwenye ushuhuda hakatai, ngoma inakuwa imeshaanza. Akasema alikuwa anaumwa, sasa haumwi. Wala hakudanganya hapo, ndiyo ubaya wake. Chupa ikazungushwa, kila mtu akaonja, na kila aliyeonja akakunja uso kwa ule ukali na kupiga kigelegele. Maji yamegeuka!

Kuanzia hapo chupa yake ikawa si yake tena. Kila Jumapili inamiminwa kwenye ndoo kubwa, ndoo inamiminwa kwenye chupa za watu. Na ndoo kubwa, ili iwe na ukali, inahitaji vijiko vingapi? Akawa anakuja kwangu kila wiki, kopo moja, kisha makopo mawili, kisha matatu. Watu wakaanza kukimbia chooni, wakaita kutakaswa. Haki ya Mungu, mara ya kwanza niliposikia hilo nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka, nikamwambia siuzi tena.

Akanieleza kwa nini haachi. Jumapili moja alijaribu kupunguza, ladha ikawa hafifu. Mama mmoja mzee akaonja, akauliza ni nani ametenda dhambi maji yakapoa. Kanisa zima likafunga siku tatu kutafuta mwenye dhambi. Msichana mmoja akakiri mambo yake ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na maji, akaaibika bure. Metrine akaona afadhali arudishe unga.

"Ningechukua ile ya kapsuli," alisema, akiangalia rafu. "Kapsuli inaingia tumbo moja tu."

Na mimi? Nilimuuzia tena. Nilisema ni mara ya mwisho, na wiki iliyofuata nikasema tena ni mara ya mwisho. Ukimfungulia mtu mlango wa kwanza, wa pili hukushinda kuufunga.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Alhamisi aliyokuja Oketch.

Oketch ni mwendesha bodaboda, stendi yake iko ng'ambo ya barabara yangu. Mama yake anaitwa Dorca. Figo za mama huyo zimechoka, mara mbili kwa wiki anapelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na dawa zake nyingine huchukuliwa kwangu. Kila Alhamisi Oketch huja na karatasi. Alhamisi ile alikuja mikono mitupu. Akaniambia niziweke kwanza dawa za wiki hii, mathe amechoka na sindano. Kuna jirani alipona mguu kwa maji ya mama mchungaji wa Obunga. Jumapili atampeleka. Mashine ya Jumamosi hataki hata kuisikia.

Wacha nikueleze, maana hili ndilo jambo lenyewe. Magnesiamu ikizidi mwilini, figo ndizo zinazoitoa. Figo zikiwa zimelala, haitoki. Inabaki kwenye damu, inaongezeka, inapunguza mwendo wa moyo, mpaka unaweza kusimama. Kile kinachomfanya Metrine alale vizuri kinaweza kumlaza Dorca moja kwa moja.

Nikamwambia Oketch asimpe mama yake maji yale. Akaniuliza yana nini. Nikisema, nimetoa siri ya mteja, nimevunja nyumba ya Metrine, na mimi mwenyewe nimejitia kitanzi, kwani ni nani aliyehamisha unga kwenye kopo la hamira? Nikasema mgonjwa wa figo hatakiwi kunywa maji ovyo, hata hospitali walimwambia. Oketch akacheka.

"Daktari, ni kikombe kimoja tu. Unaogopa kukosa kazi?"

Akavuka barabara. Mimi nikabaki hapo nimeshika kaunta, naona aibu hata ya kujiangalia kwenye kioo cha rafu. Niliogopa, basi. Nilimwacha mtu avuke barabara akiwa hajui, kwa sababu niliogopa.

Nikafunga duka saa ile ile nikaenda Obunga kwa miguu. Metrine alikuwa na wateja, akanionyesha stuli. Nikakaa mpaka walipopungua, nikamwambia yote, sauti ya chini. Aligeuza mifupa upande huu, akageuza upande ule. Mwishowe akasema Jumapili ataweka maji matupu. Wakiuliza ladha, wafunge hata mwezi.

"Na Jumatatu?" nikamuuliza. "Akishakunywa akaamini amepona, atarudi kwenye mashine?"

Maji matupu nayo yangemuua Dorca, ila taratibu. Kumbe cha kuua hakikuwa unga peke yake, bali hata ule uongo. Mfupa mmoja kwenye karai uliungua ukawa mweusi. Tangu nimjue, sijawahi kumwona Metrine akiunguza samaki.

Nikamwambia kama hawezi, mimi nitasema. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, akaniuliza kama nina mume. Anajua sina. Kisha hasira ikamwisha, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza kitakachompata. Kwao aliyekosa haondolewi kanisani. Anavuliwa kanzu na kitambaa cheupe, anakalishwa kwenye stuli peke yake karibu na mlango, hapewi mkono, hasalimiwi, miezi sita. Na kila Jumapili, kabla ya maombi, mchungaji anasoma jina lake na kosa lake.

"Hatanifukuza," alisema. "Ataniketisha nyuma. Na itakuwa sauti yake."

Nilimsaidia kuosha karai nikaondoka, bila kujua atafanya nini.

Jumapili hiyo sikwenda misa. Nilikwenda kwenye kanisa la mabati, nikakaa nyuma, nimejiambia kwamba Metrine akinyamaza nitasimama mimi. Dorca alikuwa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba mpaka soksi zimemkata. Tangu Jumatano hajaenda mashineni. Oketch amesimama nyuma yake na kofia ya pikipiki mkononi. Ngoma ikalia, wakaimba, wakanyamaza. Wakhisi akachota kikombe kwenye ndoo, akakiombea kwa muda mrefu. Namkumbuka jinsi alivyokuwa na furaha. Alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kumpa mwenzake kitu kizuri.

Akapiga hatua kuelekea kwa Dorca. Ndipo Metrine aliposimama upande wa wanawake.

"Mathews."

Kanisa zima liligeuka. Mke wa mchungaji hamwiti mumewe kwa jina, si nyumbani, si kanisani. Wakhisi mwenyewe alisimama kama mtu aliyeitwa na marehemu. Metrine akatoa kopo la hamira chini ya kanzu yake, akaliinua watu walione.

"Hayo maji nimetia dawa mimi. Nilinunua kemisti."

Wakhisi aliangalia kopo, akaangalia kikombe. Akauliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini?"

"Tangu kabla hujapiga magoti."

Nimeona watu wakifiwa hapa Kondele, wakiletewa habari kwenye simu katikati ya barabara. Uso wa Wakhisi ulikuwa huo. Dorca, ambaye Kiswahili chake ni kidogo, alimuuliza mwanawe kwa Kijaluo kumesemwa nini. Oketch akamweleza. Mama mzee akanyoosha mkono palepale, akasema dawa au si dawa, apewe, yeye amechoka. Na mkono wake ulikuwa karibu kabisa na kikombe, hauna hata hatua mbili.

Hapo nilisimama. Nikasema mimi ndiye niliyeuza, na kwamba kitu hicho kwa mtu mwenye figo mbaya ni sumu, apelekwe kwenye mashine leo hii, asingoje kesho. Sijui kama maneno yalitoka kwa mpangilio huo. Wakhisi akageuza kikombe, maji yakamwagika kwenye sakafu ya udongo. Oketch akanitazama mimi, si Metrine.

"Daktari, ulijua," alisema. "Alhamisi ulijua."

Nikasema ndiyo. Akambeba mama yake mgongoni mpaka kwenye pikipiki. Jioni ile Dorca alipitishwa kwenye mashine, na mpaka leo anaendelea nayo, ananung'unika lakini yupo. Dawa zake Oketch huzinunua kwingine. Hunipita hapa kila siku akiwa na abiria, macho mbele.

Wazee wa kanisa walikaa wiki nzima. Kuna waliotaka Wakhisi naye avuliwe, wengine wakasema alidanganywa kama wao. Mwishowe wakamwacha, kwa sharti kwamba adhabu ya mkewe aisome yeye. Akaisoma. Metrine alivuliwa kitambaa cheupe na mwanamke aliyemfundisha kuimba kwenye kwaya, akapelekwa kwenye stuli ya mlangoni. Alinisimulia mwenyewe, bila machozi. Aliniambia sauti ya mumewe haikutetemeka hata kidogo, na kwamba hilo ndilo lililomkata.

Dawa akaacha. Nilimpelekea kapsuli mwenyewe pale Obunga, akazirudisha. Alikuwa ameapa mbele ya watu, na kiapo cha mtu aliyekalishwa nyuma hakichezewi. Baada ya wiki mbili tatu mguu ukaanza tena. Nikimwona akitembea, naona anavyokanyaga kwa tahadhari, na mimi siwezi kumsaidia. Nilikuwa na hasira kila siku. Hasira na kanisa, na yeye, na kopo la hamira, na mimi.

Wiki ya tano, Jumatatu mchana, mtu aliingia dukani amevuta kofia ya ujenzi mpaka kwenye nyusi. Aliangalia barabarani. Akaangalia tena. Vumbi la saruji kwenye viatu, mikono ile mikubwa. Nikamwambia, "Karibu, Mchungaji."

Kisha akasema anataka ile ya unga. Nikamuuliza ni ya nani. Akaniambia mkewe hawezi kuikubali, ameapa, lakini kila alfajiri anauma leso, na sasa leso imetoboka. Yeye anaweka mikono kama zamani. Anaomba kama zamani.

"Nimeomba mpaka nimeishiwa maneno," alisema. "Nitamtilia kwenye uji. Hatajua."

Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Mimi damu ilinipanda. Nilimwambia wao wawili wanaishi chumba kimoja na pazia, wanalala kitanda kimoja, na bado kila mmoja anamtilia mwenzake unga kwenye kikombe! Kwamba mtu hatiliwi dawa bila kujua, hata ikiwa kwa mapenzi, hasa ikiwa kwa mapenzi, tumeshaona mwisho wake. Aliinamisha kichwa akapokea yote, kama mtoto wa shule. Nikaona nimetosheka, nikachukua kopo la kapsuli nikaliweka mbele yake, na maandishi yake yote juu.

"Unga sikuuzii. Chukua hii. Hii haifichiki, itabidi umpe mkononi na akuone ukimpa."

Akalichukua. Likalia. Akaangalia mlango haraka, kisha akaangalia kopo tena, akalishika kwa mikono yote miwili ili lisilie. Kulikuwa na mteja amesimama nyuma yake anataka dawa ya kikohozi cha mtoto, nikamwambia asubiri. Mwishowe Wakhisi akalitia ndani ya mfuko wa Biblia yake, akafunga zipu, akatoka.

Siku tatu baadaye Metrine alinipitia. Hakujifunga leso usoni. Akaniambia alfajiri ya Jumanne mguu ulimshika, akangoja ile mikono. Haikuja. Taa ikawashwa. Mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, kikombe cha maji mkono mmoja, kapsuli kwenye kiganja cha mkono wa pili. Hakumwambia ameze. Alishika tu, amefumba macho. Metrine akaitazama ile kapsuli, akafikiria kiapo chake, akafikiria kwamba mwanamume huyu hajawahi kumeza kidonge maishani na sasa ameshika kimoja. Akaichukua. Akainua kidevu kama kuku, akameza.

Hawakuzungumza. Hata sasa hawazungumzi juu yake. Kila jioni Wakhisi anatoa moja kwenye mfuko wa Biblia, anampa, anafumba macho. Na kila Jumapili anasimama mbele ya kanisa amevaa kanzu nyeupe, anasoma jina la mkewe na kosa lake, kwamba alitumia dawa. Sauti haitetemeki. Wazee wakigundua, kanzu itamtoka, na kanisa alilojenga kwa mikono yake litapewa mtu mwingine.

Nilimuuliza Metrine kama inamuuma, kusomewa na mtu huyohuyo.

"Zamani nilikuwa nimefungiwa peke yangu," alisema. "Sasa tuko wawili kwenye stuli, ila yeye anasimama."

Mguu umepungua kuuma, haujaisha. Imebaki miezi minne ya stuli. Kopo litakwisha mwisho wa mwezi, na nimemtuma amwambie mumewe aje mwenyewe, mchana, bila kuangalia nyuma. Atakuja, ninamjua. Lakini ataangalia.